Mbweha wenye upele: sababu gani dawa ndani ya chakula ni hatari

Mu miji mingi ya Uingereza, mbweha wanaishi katikati ya watu. Ni mnyama wa pori anayefanana na mbwa, manyoya mekundu. Usiku anaingia mu viwanja vya nyumba kutafuta chakula, na wakaaji wengi wanamuwekea.

Shida inaanza akipata upele, ule wengi kwetu tunaita gale. Kadudu kadogo sana kanachimba ngozi na kutaga mayai ndani. Mbweha anajikuna, manyoya yanaanguka, anakonda, na wengi wanakufa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliingia mu muji wa Bristol, fasi mbweha walikuwa wengi sana. Ndani ya miaka 2, zaidi ya 95 kwa 100 walikuwa wamekwisha.

Njo maana mtu akiona mbweha wa vile anasikia huruma, anaficha dawa ndani ya mkate ao nyama. Mara nyingine dawa yenyewe ni ivermektini. Sisi tunaijua: ni ile Mectizan wanayotugawia juu ya upofu wa mto. Kumbuka, mugawaji anakupima kwanza urefu na fimbo, kisha anahesabu vidonge. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba hawapewi.

Sasa mbweha, nani anamupima? Mmoja anakula mara tatu, mwingine anakosa. Paka ao mbwa wa jirani anapita, anakula. Kuna mbwa wa kuchunga kondoo, aina ya Collie, ambao dawa hiyo inaweza kuwaua. Tena haiui mayai, kwa hiyo lazima kurudilia, na kesho anaweza kuja mbweha mwingine. Na sahani moja inakusanya wagonjwa na wazima pamoja.

Njia nzuri ni kuita watu wanaookoa wanyama wa pori. Wanamukamata na mutego wa sanduku, munganga wa wanyama anamupima kilo, anamutunza mpaka anapona.

Kwetu hakuna mbweha mu avenue, lakini mbwa wenye gale wako. Kadudu kao kanaweza kukuwasha hata wewe. Usimutilie kidonge cha Mectizan ndani ya bugali, wala usimupakae petroli ao mafuta chafu ya moteri: akijilamba, anameza sumu. Mufunge kamba, umupeleke kwa veterineri. Kilo kwanza, dawa kisha.