JE, TUNG'OE TANGI LA MAJI MOTO?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo sikukusudia kukutungia hadithi wala shairi. Nataka tufungue daftari pamoja tupige hesabu ya kitu ambacho wengi wetu hukitumia nyumbani bila kukifikiria, nacho ni maji moto ya kuoga.

Swali lenyewe lilizuka kwetu Limuru wakati wa likizo ya Agosti, mwezi ambao baridi ya huko humfanya mtu mzima aogope bafu kama paka. Tangi letu la lita 100, lililotundikwa ukutani kabla sijazaliwa, lilianza kudondoka tone moja moja. Baba alikuwa amesikia kwa majirani kwamba hita zisizo na tangi, zile za papo hapo, hupunguza bili ya stima kwa nusu. Mama alitaka tangi litengenezwe. Nyanya alisema yeye ana ndoo yake na hataki maneno. Baba akanigeukia, "Wewe si ndiwe unayesoma Fizikia? Basi tuambie." Nikachukua kalamu.

HITA MBILI, TABIA MBILI

Hita ya tangi ni kama chungu kilichofunikwa. Ndani yake mna chuma kinachopashwa moto na stima, na kwa kawaida nguvu yake ni kilowati 3. Kuna pia themostati, yaani kidude kinachokata stima maji yakifika joto linalotakiwa, tuseme nyuzi 60. Maji yakipoa kidogo, stima inarudi. Hufanya hivyo mchana na usiku, mkiwa nyumbani au mkiwa mmeenda harusini.

Hita ya papo hapo haina akiba. Ile tunayoiona sana hapa Kenya hukaa pale pale kichwani mwa shawa. Ukifungua mfereji, msukumo wa maji hubonyeza swichi iliyo ndani, chuma kinawaka, nayo maji hupata joto yakiwa safarini. Ukifunga mfereji, kila kitu kinanyamaza.

Wengi hudhani kwamba huu ni uvumbuzi wa juzi. La hasha! Mwaka 1868 huko London, Uingereza, Benjamin Waddy Maughan alitengeneza chombo cha kupasha maji papo hapo kwa gesi, akakipa jina la zile chemchemi zinazorusha maji moto hewani, kama za Ziwa Bogoria. Hita ya tangi inayojiwasha na kujizima yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1889, kwa kazi ya Edwin Ruud huko Pittsburgh, Marekani. Kwa hivyo aliyetangulia si tangi, na upya wa kitu usitutie wazimu wa kukinunua.

HESABU YA JOTO

Sasa tuingie kwenye daftari. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji juli 4,200. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji ya bomba letu niliyapima asubuhi kwa kipimajoto nilichoazimwa na jirani anayefundisha Fizikia, nikapata nyuzi 15. Maji ya kuoga yanayopendeza ni ya nyuzi kama 40. Tofauti ni nyuzi 25. Basi kila lita moja inadai juli 105,000.

Uniti moja ya stima ni juli 3,600,000. Ukigawanya, utaona kwamba uniti moja hupasha lita 34 hivi za maji ya kuoga ya Limuru. Hebu tuchukulie uniti ni shilingi 30, ili hesabu iwe nyepesi. Anayeoga kwa lita 16 ametumia karibu nusu uniti, kama shilingi 14. Sisi tuko sita nyumbani, kwa hivyo ni shilingi 84 kwa siku.

Msomaji, zingatia jambo hili maana ndilo lililonyamazisha mabishano ya kwetu. Hesabu hiyo haikuuliza ni hita gani! Maji hayajui yamepashwa na nani. Yakipashwa tangini, shawani au kwa birika la stima, lita ni ile ile na joto linalohitajika ni lile lile. Basi majirani wanaosema bili imepungua, imepungua kwa njia gani? Mimi nimeona njia mbili.

Ya kwanza ni joto linalopotea tangi likiwa limekaa bure. Usiku mmoja nilipima. Saa mbili za usiku maji yalikuwa nyuzi 60. Tukazima swichi na hakuna aliyeyagusa. Saa kumi na mbili asubuhi yalikuwa nyuzi 52. Nyuzi 8 kwa lita 100 ni karibu uniti moja nzima iliyotoroka kupitia ukutani tukiwa tumelala. Tangi likiachwa limewaka saa 24, hasara hiyo ni kama uniti 2.2 kwa siku. Hizo ni shilingi 66, na kwa siku 30 ni shilingi 1,980. Pesa hizi hazikumwogesha mtu. Zilipasha ukuta.

Ya pili ni wingi wa maji. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 haiwezi kupasha zaidi ya lita 3 na kidogo kwa dakika katika baridi yetu. Ukifungua zaidi, maji yanakuja baridi. Shawa ya tangi nayo hukumwagia lita 8 kwa dakika bila huruma. Oga dakika tano kwa ile ya papo hapo, umetumia lita 16. Oga dakika tano kwa ya tangi, umetumia lita 40, yaani shilingi 35. Kwa hivyo sehemu kubwa ya sifa wanazopewa hao wageni ni sifa za maji machache. Binamu yangu wa Mombasa alinicheka nilipomwambia maji yetu hutoka kama uzi, kwa kuwa kwao hita kama hiyo hutoa maji ya kutosha. Sababu ni kwamba maji ya kwao huanza na nyuzi 27 hivi. Hita inabakiwa na nyuzi 13 tu za kuongeza, ndiyo maana inaweza lita 6 kwa dakika. Kwa hivyo ukisifiwa hita, uliza kwanza anayeisifu anaishi wapi.

WAYA NDIO ROHO YA JAMBO

Hadi hapo Baba alikuwa ameshaanza kushinda. Ndipo akaja fundi mmoja wa mtaani, akaangalia, akasema, "Hii kazi ni ya nusu saa. Tunatoa tangi, tunatumia waya ule ule." Bei yake ilikuwa tamu. Lakini rahisi ni ghali, na katika stima ughali wake ni uhai wa mtu.

Stima ya nyumbani kwetu Kenya ni volti 240. Hita ya tangi ya kilowati 3 huvuta ampea 12.5. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 23. Tena joto linalozaliwa ndani ya waya haliongezeki sambamba na ampea. Huongezeka kwa kipeo cha pili. Kwa hivyo waya ule ule uliokuwa ukibeba tangi utapata joto zaidi ya mara tatu ukibeba shawa. Wetu ulikuwa wa milimita mraba 2.5, mzee, umepita juu ya dari ya mbao. Fyuzi ikikatika, mwenye haraka huweka kubwa zaidi, au hufunga kipande cha waya. Fyuzi huwa haijakosea. Ni askari anayepiga kelele, nawe unamziba mdomo. Siku moja dari litawaka.

Hita ya shawa inastahili waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha stima, na wa milimita mraba 6 ndio unaofaa. Inastahili swichi yake kubwa inayokata nyaya zote mbili, iwekwe mahali ambapo mtu aliyelowa hawezi kuifikia. Juu ya yote inastahili waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ambao kweli umefika ardhini. Nasema kweli kwa sababu katika nyumba nyingine waya huo umekatwa, au hauendi popote. Katika shawa nyingi za namna hii chuma chenye stima kimezama ndani ya maji yale yale yanayokumiminikia. Waya wa ardhi ndio unaoipa stima inayovuja njia nyingine, isipite mwilini mwako. Wale wanaosema "inanirusha kidogo tu nikigusa mfereji" wanaongea na kifo bila kukijua. Ipo pia swichi maalumu inayokata stima mara tu inapovuja, hata kwa miliampea 30. Kuwa nayo si anasa.

Aidha, wenye maji ya kisima yenye chumvi wawe macho zaidi. Maji ya chumvi hupitisha stima kwa urahisi kuliko maji laini, na ndiyo sababu kuna hita zilizotengenezwa kwa ajili yake. Ukienda dukani, sema maji yako ni ya aina gani kabla ya kuuliza bei.

MAMBO MENGINE YA KUPIMA

Kwanza, msukumo wa maji. Kila mita ya kimo kutoka tangi la juu ya paa hadi kichwa cha shawa hutoa msukumo wa kilopaskali 10 hivi. Tangi likiwa chini sana, swichi ya ndani haibonyezwi na hita haiwaki.

Pili, kupotea kwa stima. Tangi lina akiba. Stima ikienda saa kumi na mbili jioni, bado mtaoga. Hita ya papo hapo ikikosa stima ni pambo la ukutani.

Tatu, watumiaji wawili kwa mpigo. Hita ya shawa huhudumia bafu moja. Jikoni mtabaki na sufuria.

Nne, gesi. Ziko hita za papo hapo zinazotumia mtungi wa gesi, nazo zina nguvu kuliko za stima. Lakini moto unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ziwekwe nje, au ziwe na bomba la kutoa moshi nje. Zisifungwe kamwe ndani ya bafu lililofungwa.

Tano, wanaobaki na tangi wasishushe themostati chini kupita kiasi wakidhani wanabana matumizi. Maji yanayokaa vuguvugu ni makao mazuri ya viini vya Legionella vinavyoleta ugonjwa wa mapafu. Nyuzi 60 huviua. Ni heri kupunguza saa za kuwasha kuliko kupunguza joto.

TULIAMUA NINI?

Niliweka daftari mezani. Baba alisoma kimya, kisha akauliza waya mpya ni bei gani. Tulipoambiwa na fundi mwingine, mwenye leseni ya EPRA, tukaona kwamba pesa zilizokuwepo zinatosha hita lakini hazitoshi waya. Mama akasema, "Basi hatununui nusu ya kitu." Neno hilo likapita bila kupingwa.

Fundi wa mabomba aligundua kwamba tone lilitoka kwenye mpira wa kiungio, si kwenye tangi lenyewe. Mpira ukabadilishwa. Sasa tangi linawashwa saa kumi na moja jioni na kuzimwa saa moja, watu wanaoga mfululizo, na usiku halina joto jingi la kupoteza. Kichwa cha shawa tumekibadilisha kwa kingine chenye matundu machache. Kwa njia hiyo tumepata sehemu kubwa ya faida iliyosifiwa na majirani bila kung'oa chochote. Pesa za waya zinawekwa kidogo kidogo, na siku zikitimia, bafu litapata hita ya papo hapo, kwa maana tangi hilo nalo ni mzee na halitaishi milele. Nyanya bado ana ndoo yake ya lita 10. Nilimpigia hesabu akacheka sana, maana kuoga kwake kunagharimu chini ya shilingi 9, na ndiye mshindi wa nyumba nzima.

Kwa hivyo, msomaji mwenzangu, ukienda nyumbani likizo ijayo ukute wakubwa wanajadili jambo hili, usiwe shabiki wa tangi wala wa papo hapo. Uliza maswali manne: maji ya kwetu huanza na nyuzi ngapi? Tangi huwaka saa ngapi kwa siku? Waya uliopo ni wa unene gani? Na je, waya wa ardhi umefika ardhini? Maswali mawili ya kwanza yatakuambia kama kuna pesa ya kuokoa. Mawili ya mwisho hayahusu pesa, yanahusu watu watakaooga humo. Yakikosa jibu, hita isifungwe, hata kama dukani inatolewa bure.