Wikendi Nax: Siku mbili, mlima mmoja na ziwa linalopanda

Mtajie Nakuru mtu yeyote aliyesomea shule ya msingi humu nchini na jibu litakuwa moja: flamingo. Ile picha ya ziwa lenye ukingo wa waridi ilikuwa vitabuni, kwenye kalenda za ukutani na kwenye kadi za posta. Ukipanda matatu wikendi hii kuifuata picha hiyo, kuna uwezekano mkubwa utarudi nyumbani umenuna. Lakini ukienda kuiona Nakuru ilivyo sasa, siku mbili zinakutosha, na mfuko hautalia sana.

Nakuru iko karibu kilomita 160 kutoka Nairobi na takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, ikawa la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Vijana wake huiita Nax, na wakichangamka zaidi, Nax Vegas. Uzuri wake ni kwamba ni jiji dogo. Kutoka katikati ya mji, boda au tuktuk inakufikisha karibu kila mahali unapotaka.

Onyo moja kabla hujafunga begi: usijaribu kumaliza Naivasha, Nakuru na Bogoria kwa wikendi moja. Utakachokumbuka ni viti vya matatu. Chagua Nakuru, uimalize vizuri.

Jumamosi asubuhi: Panda Menengai

Ukitoka Nairobi, panda matatu Nyamakima alfajiri. Ukiwahi, saa nne asubuhi tayari uko Nax na chai imeshuka. Weka begi kwenye gesti, vaa raba zenye meno, kisha elekea Menengai, mlima ulioinuka kaskazini mwa mji.

Barabara inapanda kwa takriban kilomita nane. Wenye mapafu hutembea, wengine huita boda. Ukifika ukingoni, mahali pa juu kabisa ni mita 2,278, na mbele yako ardhi inakatika ghafla. Hilo shimo ni volkano iliyobomoka na kujizamia yenyewe. Upana wake ni kilomita 12 hivi, na mahali pengine kina kinakaribia mita 500. Chini utaona mawe meusi ya lava na mvuke ukifuka hapa na pale.

Mvuke huo una kazi. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima humo mwaka 2011, na sasa Menengai inazalisha umeme. Huenda simu unayopigia picha ilichajiwa na joto la mlima huo huo.

Pia una hadithi. Masimulizi ya Wamaasai yanaeleza vita vya karne ya 19 kati ya Ilpurko na Ilaikipiak, ambapo mashujaa walirushwa kutoka ukingoni, na mvuke unaopanda ni roho zao zikitafuta njia ya kutoka. Wakikuyu nao huuita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu. Hadi leo utakuta watu wamekuja kufunga na kuomba. Ukiwakuta, punguza sauti ya spika yako.

Kushuka chini kreta ni noma kwa mgeni. Vichaka ni vingi, lava inakata viatu, na njia zinafanana. Tafuta mwelekezi wa hapo, mwelewane bei kabla ya kuanza, mshuke mkiwa mbogi, na muwe mmerudi juu kabla jua halijaanza kuinama. Kama mko wawili tu, ukingo unatosha.

Kabla ya kuteremka, geuka utazame kusini. Mji wote uko miguuni pako, na nyuma yake kuna ziwa. Liangalie vizuri, maana siku iliyobaki inahusu hilo ziwa.

Jumamosi alasiri: Hyrax Hill

Kilomita nne hivi kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Nairobi, kuna kilima ambacho wengi hukipita bila kugeuza shingo. Hyrax ni pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe. Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938, akapata makaburi na mabaki ya watu walioishi humu zama za mawe, kabla ya chuma kufika. Kuna pia mashimo ya Sirikwa, mabaki ya maboma ya wafugaji waliokuja baadaye. Jumba la makumbusho ni dogo, unalimaliza kwa nusu saa. Raha iko nje.

Muulize mwelekezi akuonyeshe bao. Si la mbao. Vishimo vyake vimechongwa kwenye mwamba wenyewe, na yeyote aliyewahi kuketi barazani na kete mkononi atavitambua mara moja. Watu waliketi hapa, wakacheza, wakabishana.

Halafu muulize kuhusu ziwa. Wataalamu wanasema miaka karibu 10,000 iliyopita, Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa, na maji yalifika hadi kwenye kilima hiki. Simama juu ukipime kwa macho umbali wa kutoka hapo hadi ziwani leo. Jibu hilo litakusaidia kesho.

Jumamosi usiku: Kula, tembea, lala

Jioni mji unahamia barabarani. Mutura, smokie, mahindi ya kuchoma na chai ya maziwa mazito: huwezi kulala njaa na mia mbili mfukoni. Baridi ya Nax haina huruma, hasa Julai, kwa hivyo jaketi si mapambo. Wapenda densi watapata klabu bila kuuliza mara mbili. Ila kumbuka lango la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na wanyama hawangoji mtu mwenye hangova.

Jumapili: Ziwa lenyewe

Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru ina ukubwa wa kilomita mraba 188 na imepakana na mji kabisa. Imezungushiwa ua wa umeme, na ndani kuna vifaru weusi na weupe, simba, chui, nyati na twiga. Ndovu hakuna, usipoteze muda kuwatafuta.

Hapa ndipo chapaa nyingi zaidi zitaenda, kwa hivyo panga. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, si pesa taslimu. Beba kitambulisho, na mwanafunzi abebe kadi ya shule. Cheki ada siku hiyo hiyo kwenye mtandao wa KWS, usitegemee video ya mwaka jana. Huruhusiwi kutembea kwa miguu wala kuingia na boda, kwa hivyo changeni watu sita au saba mkodishe gari moja mjini. Mkigawana, inakuwa poa.

Mwambie dereva awafikishe Baboon Cliff. Kutoka juu utaona ziwa lote, na utaona pia miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Hiyo ilikuwa nchi kavu. Tangu mwaka 2010 hivi, ziwa limekuwa likipanda. Lango kuu la zamani lilimezwa, likahamishwa. Barabara zilizozunguka ufuo zilizama.

Flamingo nao? Hawakufa. Chakula chao ni mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi, na ndio unaowapa rangi ya waridi. Maji ya mvua na mito yalipozidi, magadi yalipungua nguvu, mwani ukapungua, nao wakafunga safari. Wengi wao huonekana Ziwa Bogoria. Siku nyingine kundi hurudi Nakuru, siku nyingine hulioni. Lakini mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, utamkuta.

Ukiuliza kwa nini ziwa linapanda, utapewa majibu kadhaa: mvua iliyoongezeka, udongo unaosombwa kutoka msitu wa Mau uliofyekwa, na wengine wanataja mwendo wa ardhi chini ya Bonde la Ufa. Jana kule Hyrax Hill uliona kwamba ziwa limewahi kuwa kubwa kuliko hivi. Tofauti ni kwamba wakati ule hapakuwa na mitaa. Leo, upande wa Mwariki na Barut, kuna familia zilizohama baada ya maji kuingia hadi chumba cha kulala. Kwa hivyo usiende huko kupiga selfie mbele ya nyumba ya mtu iliyozama. Piga ile miti mikavu kutoka Baboon Cliff, na uandike tarehe chini ya picha. Ukirudi baada ya miaka miwili, utajua maji yameelekea wapi.

Ukipata nusu siku zaidi

Nenda kwenye kasri la Lord Egerton, upande wa Njoro. Mlowezi Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938 na likakamilika 1954, vyumba 52 kwa mtu mmoja asiye na mke. Inasimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Huzuni ya mapenzi utaisikia kwa mwelekezi. Wewe uliza pia mtu mmoja alipataje ardhi yote ile. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton.

Kurudi

Usingoje Jumapili usiku. Magari hushikana kuanzia Naivasha, na Jumatatu kuna kazi. Ondoka saa nane mchana, na kama mko na gari lenu, simameni Kikopey, karibu na Gilgil, mle nyama choma. Uliza bei ya kilo kabla kisu hakijagusa mfupa, simama karibu na mizani, na uitishe kachumbari ya ziada. Njiani, Ziwa Elementaita liko hapo chini ya barabara. Mwenye kukaa dirishani awe macho: kama bahati ni yenu, flamingo ambao hamkuwaona Nakuru huenda wako pale.