Rivolva kongwe na risasi za kumimina: Marekani ni burudani, Kagera ni kesi ya uhujumu uchumi

Kwenye minada ya Marekani, rivolva kubwa ya mwaka 1915 ni pambo. Mnunuzi anaipeleka nyumbani, anayeyusha madini ya risasi, anajitengenezea vichwa vya risasi na Jumamosi anakwenda kulenga shabaha.

Kwa mtu wa Bukoba au Muleba, kifaa hichohicho kikikutwa chini ya uvungu bila leseni, hadithi ni tofauti kabisa. Hiyo ni kesi ya uhujumu uchumi, na kifungo chake ni kuanzia miaka 20 hadi 30.

Wengi hujitetea kwa maneno manne: "Mbona ni ya zamani?" Makala hii inaeleza kwa nini utetezi huo haufui dafu, na ufanye nini ukikuta silaha ya aina hiyo kwenye mali ya mzee.

Kwa nini Kagera?

Mkoa huu umepitiwa na silaha kwa zaidi ya miaka 100. Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Maofisa wa Kijerumani wa enzi hizo walikuwa na rivolva za jeshi lao za mwaka 1879 na 1883, zenye risasi ya milimita 10.6.

Juni 22 na 23, 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba. Waliangusha mnara wa mawasiliano wa Wajerumani, mji ukaporwa, kisha wakarudi walikotoka. Miongoni mwao alikuwemo Frederick Selous, yule mwindaji ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini. Bastola ya kawaida ya ofisa wa Kiingereza wakati ule ilikuwa Webley, rivolva ya inchi .455.

Baadaye ikaja Vita vya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia na kulikalia eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Ongeza na ukweli kwamba mkoa unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, nchi ambazo zote zimepitia vita.

Kwa hiyo mtu akikuta chuma cha zamani kwenye sanduku la marehemu huko Kagoma, Muhutwe au Kamachumu, asishangae sana. Cha muhimu ni atakachofanya baada ya hapo.

Rivolva ya fremu kubwa ni ipi?

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Silinda huwa na matundu, mara nyingi sita, na kila tundu linabeba risasi moja. Ukivuta kifyatulio, silinda inazunguka, tundu moja linakaa sawa na mtutu, nyundo inagonga, risasi inatoka.

"Fremu kubwa" maana yake mwili wa bastola umetengenezwa mnene ili ubebe risasi nene. Webley Mark VI, iliyoingia jeshini mwaka 1915, ina uzito wa zaidi ya kilo moja bila risasi. Marekani kulikuwa na Colt New Service ya mwaka 1898, na Smith & Wesson wakaja na fremu yao wanayoiita N. Hiyo ya N ndiyo iliyozaa Model 29 ya .44 Magnum, bastola iliyopata umaarufu wa ajabu baada ya filamu ya *Dirty Harry* ya mwaka 1971.

Wakusanyaji wanazipenda kwa sababu zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, ni chache, na kila moja ina namba inayoweza kuonyesha ilitengenezwa lini. Bastola yenye rangi yake ya kiwandani na vipuri vyenye namba zinazolingana huuzwa bei ya juu kuliko iliyokwanguliwa au kuchongwa upya.

Risasi ya risasi

Kiswahili chenyewe kinatupa jibu hapa. Neno "risasi" linataja kitu kinachotoka kwenye bunduki, na pia linataja yale madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri ya gari. Neno ni moja kwa sababu zamani kitu kilikuwa kimoja: risasi ilitengenezwa kwa risasi.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki inayowasha, baruti inayosukuma, na kichwa kinachoruka. Kichwa ndicho kinachomiminwa. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, chini sana ukilinganisha na chuma, na ndiyo maana tangu zamani watu waliweza kuyamimina nyumbani.

Kwa nini vichwa hivi vinaendana na rivolva za zamani? Sababu ni mwendo. Kichwa cha Webley .455 kina uzito wa gramu 17 hivi, lakini kinatoka kwa mwendo wa takriban mita 180 kwa sekunde. Risasi ya AK-47 ni nyepesi, gramu 8 hivi, lakini inakwenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde.

Madini laini yakisukumwa kwa kasi kubwa hujipaka ndani ya mtutu kama sabuni kwenye ukuta, mtutu unaziba taratibu na shabaha inaharibika. Ndiyo sababu risasi za kasi huvishwa koti la shaba. Rivolva kongwe, kwa kuwa zinakwenda polepole, zinavumilia risasi tupu iliyochanganywa na bati na antimoni kidogo ili iwe ngumu, na kupakwa grisi.

Wakusanyaji wa Marekani wanamimina kwa sababu risasi za kiwandani za bastola hizi ni adimu na ghali.

Hapo ndipo tatizo lilipo

Watu wengi hudhani bastola ambayo risasi zake hazipo madukani imekufa. Uingereza nayo iliamini hivyo kwa muda mrefu. Sheria yao iliruhusu mtu kumiliki bila leseni, kama pambo, silaha kongwe ambayo risasi zake zilikuwa zimeachwa kutengenezwa.

Wahalifu wakaiona nafasi. Walinunua rivolva za karne ya 19 kihalali, wakatengeneza risasi zake wenyewe, na silaha hizo zikaanza kuokotwa kwenye matukio ya uhalifu. Machi 2021 serikali ya Uingereza ikaondoa aina saba za risasi kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, na wenye bastola za aina hizo wakatakiwa kuwa na vibali au kuzisalimisha.

Moja ya zile saba ni risasi ya Kijerumani ya milimita 10.6. Yaani rivolva ya aina ileile waliyokuwa nayo maofisa wa Kijerumani.

Somo ni rahisi: silaha haifi kwa sababu duka limefungwa. Madamu kuna mtu anayeweza kumimina risasi, ile bastola bado ni mzima.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa. Kumiliki risasi bila leseni ni kosa, hata kama huna bunduki. Kutengeneza silaha au risasi bila kibali nako ni kosa.

Makosa haya yameunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na huko ndiko inakotoka ile adhabu ya miaka 20 hadi 30.

Kama unafikiri mahakama itaicheka silaha ya kizamani, angalia gobore. Hakuna silaha ya kizamani kuliko gobore: unashindilia baruti kwa mbele, unaweka vipande vya chuma au gololi, unawasha. Lakini kesi za magobore zimejaa kwenye mahakama zetu, hasa za watu wanaokamatwa ndani au karibu na hifadhi. Kwa watu wa Muleba na Biharamulo waliopakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, hili si jambo la kusoma tu.

Hata kimataifa umri hauokoi sana. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inasema silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuhesabiwa kuwa kongwe. Webley ya 1915 imeukosa mstari huo kwa miaka 16.

Leseni hairithiwi

Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Kwa mila za Kihaya, musika anarithi kibanja na kukaa kwenye kiti cha baba. Lakini leseni ya silaha ni ya mtu mmoja kwa jina lake. Mzee akifariki, leseni haihamii kwa mtoto, hata kama mzee aliimiliki kihalali miaka 40.

Ukiendelea kuitunza ndani huku ukisema "ni ya marehemu", kisheria silaha sasa iko mikononi mwako, tena bila kibali.

Hatari hata kabla ya polisi

Tuseme sheria haipo. Bado kuifyatua rivolva ya miaka 100 ni kucheza kamari na vidole vyako.

Chuma cha zamani huwa na ufa usioonekana kwa macho. Silinda ikilegea, tundu halikai sawa na mtutu, na risasi hukwanguliwa pembeni, vipande vikamrukia aliyeshika au aliye karibu. Kuna nyingine zilizochongwa silinda ili zikubali risasi za kisasa zenye nguvu kuliko zile za awali. Bastola ya namna hiyo inaweza kupasuka mkononi.

Risasi zilizokaa miaka mingi nazo hazitabiriki. Inaweza kukataa, inaweza kuchelewa kulipuka, au kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka.

Na kuna sumu. Kuyeyusha risasi, iwe ya betri chakavu au ya kuzamishia nyavu, hutoa mvuke na vumbi linaloingia mwilini kwa kupumua na kupitia mikono. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu huharibu ukuaji wa ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Jikoni panapoyeyushiwa risasi si mahali pa kupikia ndizi.

Umeikuta. Fanya hivi

1. Usiiguse zaidi ya lazima. Usivute kifyatulio kuona kama inafanya kazi. Ihesabu kuwa ina risasi ndani hata ukiambiwa haina.

2. Waondoe watoto na funga chumba. Usiipige picha na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Picha hiyo ni ushahidi, na pia ni tangazo kwa wezi.

3. Usiibebe kwenye bodaboda au basi kuipeleka mjini. Ukikaguliwa njiani, maelezo yako yatakuwa magumu kuaminika. Mwambie mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, piga 112 au mtafute polisi kata, waje wao.

4. Tafuta karatasi za mzee. Leseni ya zamani, risiti, hata barua. Zinaonyesha silaha ilipatikana wapi.

5. Omba maandishi ya kukabidhi. Yaonyeshe aina ya silaha, namba yake, tarehe na aliyepokea. Mweke shahidi wa familia.

6. Kama kuna hofu kwamba ilipatikana kimagendo, muone wakili kwanza. Afya ya akili ya familia nayo ni mali.

Kuna pia dirisha la msamaha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa Mwezi wa Msamaha, hadi mwaka 2030, kwa watu kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa. Tanzania imewahi kutangaza msamaha wa aina hiyo. Sikiliza matangazo ya Wizara ya Mambo ya Ndani na ya polisi mkoa, kwa sababu msamaha una tarehe ya kuanza na ya kuisha, na una masharti yake.

Na kama unataka kuimiliki kihalali?

Inawezekana kuomba. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, ambako watu wanakufahamu tabia, kisha hupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na polisi hadi kwa Msajili wa Silaha. Utachukuliwa alama za vidole, utaulizwa sababu, na utatakiwa kuonyesha sehemu salama ya kuihifadhi. "Ilikuwa ya babu" ni historia nzuri, lakini si sababu inayotosha peke yake.

Ukipewa leseni, unapewa kwa silaha hiyo na kwa risasi zilizoruhusiwa, zinazonunuliwa kwa muuzaji mwenye kibali. Haikufanyi kuwa kiwanda. Kumimina risasi zako uani, jambo ambalo kwa mkusanyaji wa Marekani ni starehe ya wikiendi, hapa linahitaji kibali kingine kabisa.

Mwaka 2016 polisi walifanya uhakiki wa silaha za raia nchi nzima, na wenye vibali walitakiwa kuzipeleka kukaguliwa. Silaha isiyo kwenye daftari haina mahali pa kujificha kila zoezi la namna hiyo linapopita.

Ukimsikia ndugu au jirani anasema "kile chuma cha mzee hakina shida, hata risasi zake hazipo", mtumie makala hii kabla hajakionyesha kwa mtu mwingine.