Fagia kompyuta kwanza, bando litatosha kusasisha

Kompyuta mpya haitoki dukani ikiwa tupu. Fungua laptopu iliyonunuliwa leo Kariakoo au Luthuli Avenue na mara nyingi utakuta imeshajazwa: antivairasi ya majaribio inayohesabu siku zake, mchezo mmoja au miwili, programu ya filamu za kulipia, na msaidizi wa kiwanda anayedai kuitunza mashine. Hakuna aliyekuuliza kama unavihitaji. Vingi kati ya hivyo hujiwasha kila unapowasha kompyuta, na vina utaratibu wao wa kujisasisha kwa bando lako.

Hapo ndipo mambo huharibika majumbani. Mama ananunua GB 1, anaunganisha laptopu kwa simu yake ili binti atume kazi ya chuo, na kabla kazi haijafika bando limekata. Jirani anamwambia, "Zima hizo apdeti, ndugu yangu." Zinazimwa zote, za maana na za upuuzi, na mashine inakaa miaka mingi bila kinga. Naandika kupinga ushauri huo. Tatizo la bando ni la kweli na linauma, lakini dawa yake ni kupunguza programu zinazolila. Masasisho ya usalama yaachwe yafanye kazi yake.

Viwanda hujaza programu hizo kwa sababu ya fedha. Faida inayobaki katika kuuza kompyuta ya bei nafuu ni ndogo sana, na makampuni ya programu yako tayari kulipa ili jina lao liwe la kwanza kuonekana na mnunuzi. Biashara hiyo ingekuwa kero tu kama isingekuwa hatari. Ni hatari, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Superfish.

Kuanzia mwaka 2014 Lenovo iliweka programu ya jina hilo kwenye laptopu zake za matumizi ya nyumbani. ThinkPad za maofisini hazikuguswa. Kazi yake ilionekana nyepesi: ukitazama picha ya kiatu au kabati kwenye tovuti, inakuletea matangazo ya bidhaa zinazofanana. Lakini ili iingize matangazo hata kwenye kurasa salama, zile zenye alama ya kufuli, ilijipachika katikati ya kivinjari na tovuti. Iliweka ndani ya Windows cheti chake yenyewe cha usalama, na kivinjari kikawa kinaamini chochote kilichotiwa sahihi kwa cheti hicho, hata ukurasa bandia wa benki.

Kibaya zaidi, ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa laptopu zote, nao ulikuwa umefichwa ndani ya kila laptopu. Februari 2015 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Robert Graham, aliutoa ufunguo huo na kulivunja nenosiri lililoulinda katika muda wa saa chache. Nenosiri lilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza sehemu hiyo ya programu. Tangu hapo, mwenye ujuzi kidogo aliyekaa kwenye Wi-Fi moja na wewe, mgahawani au uwanja wa ndege, angeweza kujifanya benki yako huku kufuli kwenye kivinjari likionyesha kuwa kila kitu ni shwari.

Walioifuta Superfish kwa njia ya kawaida waligundua kwamba cheti kilibaki palepale. Kilihitaji kuondolewa peke yake. Lenovo iliomba radhi na kutoa programu ya kukisafisha, na Microsoft ikaiwezesha Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows, kuifuta Superfish. Septemba 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ikalipa pia dola milioni 3.5 kwa majimbo 32.

Haikuwa Lenovo peke yake. Novemba 2015 laptopu za Dell nazo zilikutwa na cheti chenye kasoro ya aina ileile. Mwaka 2016 watafiti wa Duo Security walichunguza programu za kujisasisha za Acer, Asus, Dell, HP na Lenovo, wakakuta kila kampuni ina angalau tundu moja ambalo mshambuliaji angelitumia kuitawala mashine nzima. Miaka miwili baadaye wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kujisasisha wa Asus na kuutumia kusambaza programu hasidi, ikiwa na sahihi halali ya kampuni. Mteja hakubofya kitu cha hatari wala hakutembelea tovuti ya ovyo. Alinunua kompyuta tu.

Je, si bora basi kuzima kila kinachojisasisha? Jibu lilikuja Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa duniani kwa siku moja, kikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa Bitcoin ili kuyafungua. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji, na zaidi ya nchi 150 ziliguswa. Kirusi hicho kiliingia kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo sasisho lake lilikuwepo, la bure, likisubiri kupakuliwa. Kila nikisikia mtu akijisifu kwamba kompyuta yake "haijawahi kusumbuliwa na apdeti", nawafikiria watu walioketi mbele ya skrini nyekundu siku ile wakitazama picha za watoto wao zikiwa zimefungwa.

Hata hivyo, wanaoogopa masasisho wana sababu. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10 ambalo lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji; lilisitishwa ndani ya siku chache na kurudi katikati ya Novemba. Kwa hiyo tofautisha aina mbili. Sasisho la usalama la kila mwezi, linalotoka Jumanne ya pili, lichukue mapema. Toleo kubwa linalokuja karibu mara moja kwa mwaka linaweza kusubiri wiki kadhaa mpaka wengine walijaribu, na kabla ya kulipokea nakili mafaili yako ya thamani kwenye diski ya nje.

Kazi ianze kwa kufagia. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, usome orodha yote jina kwa jina. Kila usilolijua litafute mtandaoni kabla ya kuligusa, kwa sababu humo mna vitu visivyopendeza kwa jina lakini vina kazi: vile vinavyoanza na Microsoft Visual C++, na viendeshi vya Intel, AMD au Realtek vinavyoendesha sauti, picha na mtandao. Hivyo viache. Michezo, antivairasi ya majaribio, programu za ununuzi na za filamu usizozilipia, toa. Usiogope kubaki bila ulinzi: ukiifuta antivairasi ya majaribio, Defender hujiwasha yenyewe. Msaidizi wa kiwanda binafsi namtoa pia, maana viendeshi vingi huletwa na Windows yenyewe, na vilivyobaki vinapatikana kwenye tovuti ya kampuni siku ukivihitaji.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama sehemu ya programu zinazojiwasha, uzime zile ambazo hazina haja ya kuwa macho muda wote. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4, hatua hii peke yake huleta nafuu inayoonekana.

Epuka programu zinazojitangaza kuwa zitakusafishia kompyuta kwa kubofya mara moja. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, iliyokuwa maarufu kuliko zote za aina hiyo, lilikaa karibu mwezi mzima kwenye tovuti rasmi likiwa limepandikizwa kirusi, na watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wameliweka. Kazi unayoweza kuifanya kwa mikono yako ndani ya nusu saa haihitaji mtu wa kati.

Sasa bando. Wengi hawajui kwamba masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 na 11 hujumlisha yaliyotangulia. Ukikosa miezi mitatu huna deni la masasisho matatu. La mwezi huu limebeba na yale ya nyuma. Kwa familia inayonunua intaneti kwa kipimo hilo ni jambo kubwa, maana inaweza kupanga siku moja kwa mwezi ya kupakua, kwa kifurushi cha usiku au kwenye Wi-Fi ya kazini kama inaruhusiwa. Siku nyingine, kwenye mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba muunganisho wa simu yako ni wa kulipia kwa kipimo. Ikishajua hivyo huacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho bila idhini yako. Haizimi kinga, inasubiri ruhusa. Nyumba yenye kompyuta mbili inaweza pia kuruhusu moja ipakue na nyingine ichukue kutoka kwake kwa Wi-Fi ya nyumbani. Hakikisha tu umechagua kushirikiana na kompyuta za ndani pekee, la sivyo bando lako litatumika kuwatumia masasisho watu usiowajua.

Inabaki habari ya mafundi, nami naisema kwa heshima, maana bila wao nyumba nyingi zisingekuwa na kompyuta inayofanya kazi. Mashine ya mtumba ikifika kwa fundi, hupigwa Windows upya, na mara nyingi huamshwa kwa programu ya wizi wa leseni. Programu hizo hutaka antivairasi izimwe kwanza, na ili uamsho usivunjike, masasisho nayo huzimwa. Mteja anakabidhiwa laptopu inayong'aa, isiyo na kinga hata moja. Wakati mwingine yote hayo hayakuhitajika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, viwanda vikubwa huandika ufunguo wa leseni kwenye ubao mkuu wa mashine. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows yake ikipigwa aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, hujiamsha yenyewe ikipata intaneti. Fundi anahitaji flashi ya GB 8 na faili halisi kutoka tovuti ya Microsoft. Mwombe afanye hivyo kabla ya njia nyingine yoyote. Utapata pia Windows isiyo na takataka za kiwandani, na robo tatu ya kazi ya kufagia itakuwa imekwisha.

Kwa wanaonunua mtumba kuna jambo jipya. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye kompyuta za nyumbani wamewekewa mpango wa nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Windows 11 nayo inataka prosesa za karibuni, kwa Intel karibu zote ziwe za kizazi cha nane kwenda juu, na maduka ya mtumba yamejaa vizazi vya sita na saba. Soma namba ya prosesa kabla ya kutoa pesa: kwenye i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ukikuta 6 au 7 na muuzaji akakuhakikishia kwamba Windows 11 imeshapigwa na inafanya kazi vizuri, elewa kwamba ukaguzi wa kiwango umerukwa, na Microsoft haijaahidi kuiletea mashine hiyo masasisho.