Nafasi ya Kuondoka katika Mbio za Magari za Safari

Katika mashindano ambayo washiriki huondoka mmoja mmoja na kupimwa kwa saa, njia anayoikuta wa kwanza si ile atakayoikuta wa ishirini. Katika bobsledi, mchezo wa kuteleza kwa sleji ndani ya mfereji wa barafu, kila chombo kinachopita huikwaruza barafu, na kwa kuwa ushindi huamuliwa kwa sehemu za mia za sekunde, kutangulia huwa faida. Afrika Mashariki ina Mbio za Magari za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, ambamo suala hili ni gumu zaidi, kwa sababu njia zake ni za udongo, nao udongo hubadilika na mvua.

Jua likiwaka, anayetangulia huiona njia wazi, ilhali anayemfuata huweza kuingia katika vumbi lisilotua upesi. Huko Naivasha, ambako mbio hizi zilirejea katika Ubingwa wa Dunia mwaka 2021, liko vumbi laini kama unga, liitwalo feshi-feshi, ambalo hufunika mawe hadi magari ya mbele yayafukue na kuwaachia wa nyuma makorongo. Hata hivyo, penye changarawe legelege, wa kwanza ndiye mfagiaji: magurudumu yake hukosa mshiko, na wenzake hunufaika na njia aliyoisafisha.

Mvua huvuruga hesabu hizo zote. Msomaji wa Homa Bay anayeujua udongo mweusi wa Bonde la Lambwe hahitaji kuelezwa jinsi gari la kwanza linavyoweza kupita na la kumi likazama papo hapo. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1965 Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo yenye namba 1, yaani iliyoondoka ya kwanza. Lakini gari hilo lilikuwa limekwishatumika, na kuuita ushindi huo zawadi ya namba ni kumdhulumu dereva hodari.

Siku hizi kanuni za ubingwa huagiza kwamba siku ya kwanza kamili ya mashindano madereva waondoke kwa kufuata msimamo wa pointi, na siku zinazofuata kundi la juu ligeuzwe, anayeongoza aondoke mwisho. Kwingineko hiyo ni tuzo. Naivasha, mvua ya alasiri ikinyesha kabla zamu yake haijafika, huwa adhabu.