Waifai Haiishi, Kinachoisha Ni Bando

Mwaka 2015 Vodafone Foundation na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, walionyesha sanduku la kilo 52 lenye darasa zima ndani yake: kompyuta mpakato moja, vishikwambi 25, projekta, spika na modemu ya kurusha waifai. Vifaa vyote huchajiwa pamoja, sanduku likiwa limefungwa kwa kufuli, kisha hufanya kazi kutwa nzima bila umeme. Kulifungua na kuanza somo, walisema, ni kazi ya dakika 20.

Sanduku hilo lilibuniwa kwa ajili ya mahali kama nyanda za juu za Kigoma. Mpango wa shule za mtandao ulioanzishwa na mashirika hayo mawili mwaka 2013 umefika Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi inayohifadhi Wakongo tangu 1996. Kibondo, wilaya ya jirani, ndiko kambi ya Nduta ilikofunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu. Kambini au kijijini, anayetaka kufunga mtandao usio na waya katika nyanda hizi hukutana na mambo yale yale: kuta za matofali ya udongo, paa la bati, umeme wa kubahatisha na bando linaloisha kabla ya mwezi.

Hilo la bando ndilo lenye mkanganyiko. Mtu husema “waifai imeisha” siku data inapokata, lakini waifai haiishi. Waifai ni njia ya kutoka nyumbani kwenda kisimani, na intaneti ndiyo maji. Kisima kikikauka njia ingali pale, na watu wa nyumba moja wanaweza kuendelea kutembeleana kwa njia hiyo hiyo. Simu nazo hukosea kama wenye simu: nyingi zikiona waifai hudhani ni ya bure, zikaanza kupakua masasisho na kupandisha picha zote za harusi, huku ruta ikitafuna laini ya mtu. Dawa yake imo kwenye mipangilio ya simu, mahali pa kutaja kuwa mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo.

Njia nyepesi kuliko zote ya kuwasha waifai ni hotispoti ya simu. Inawatosha watu wawili watatu na haihitaji fundi, ila betri huisha haraka na mwenye simu akitoka, mtandao unatoka naye.

Ofisi, duka au shule huhitaji ruta ya kutia laini. Hapa ndipo wengi huishia kuwasha tu na kuondoka, wakati kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani ya tarakimu, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Anwani hiyo ikiandikwa kwenye kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta, hufunguka ukurasa wa mipangilio. Maneno ya siri ni mawili: moja la kuingilia waifai, jingine la kuingilia ruta yenyewe. Watu hubadili la kwanza na kusahau la pili, likabaki “admin” kama lilivyotoka kiwandani, na kijana yeyote mtundu aliyekwisha kupewa waifai anaweza kuingia akamfungia nje mwenye mali. Kwenye aina ya ulinzi, WPA2 inafaa, na WPA3, iliyotoka 2018, ni bora zaidi. WEP ni ya kuacha kabisa, kwa kuwa wataalamu walionyesha udhaifu wake tangu 2001.

Masafa nayo ni mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta wa udongo vizuri zaidi. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka mapema. Chuma ni adui wa yote mawili, na maji vilevile, yawe ndani ya simtanki au kwenye majani ya migomba. Kuna ofisi zinazofungia ruta ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi, kisha zinalalamika kwamba mtandao ni dhaifu!

Umbali ukizidi nyumba kadhaa, ruta moja haitoshi. Kaskazini mwa Uganda mradi wa BOSCO, ulioanzishwa 2007 chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, uliunganisha kambi za waliokimbia vita kwa antena za waifai zinazotazamana na kompyuta za kutumia umeme wa jua. Mwaka huo huo, nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli alirusha waifai kilomita 382 kutoka mlima hadi mlima. Siri yake ni kutazamana bila kizuizi, na vilima vya Kibondo na Kasulu havikosi mahali pa kusimika mlingoti. Kabla ya kuusimika, ni busara kuiuliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kuhusu kibali.

Kwa shule nyingi za huko, hata hivyo, mlingoti si wa kuanza nao. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, kazi ya shirika la Learning Equality, ambayo huhifadhi video, mazoezi na vitabu ndani ya kompyuta moja. Kompyuta hiyo ikiunganishwa na ruta, wanafunzi husoma kwa vishikwambi kupitia waifai, bila laini na bila senti ya bando. Cha kuangalia ni uwezo wa ruta: nyingi za mfukoni hukomea vifaa 10 au 16, na darasa la watoto 45 litaikwamisha kabla mwalimu hajaandika tarehe ubaoni. Mwalimu mkuu mwenye fedha za kifaa kimoja tu muhula huu, na anunue ruta inayobeba darasa zima. Laini itatiwa siku bando litakapopatikana.