Nani Kasema Kunyamaza Ndiyo Ustaarabu?

Kila usiku wa muvi ukipita hapa chuoni, kesho yake vimbwetani kuna kesi mbili. Kesi ya kwanza wanaileta waliokaa mbele: wale wa nyuma wameongea muvi nzima, hawana adabu. Kesi ya pili wanaileta hao hao wa nyuma: kwani tulikuwa kwenye mtihani? Muvi gani inaangaliwa watu wamejikunyata kama wanasubiri matokeo? Kesi inanoga mpaka mmoja anarusha lile neno, "washamba", na hapo mjadala unakufa. Shida ni kwamba anayerushiwa neno hilo mara nyingi ni mwaka wa kwanza, na wiki inayofuata humuoni tena. Anabaki chumbani na simu yake.

Mimi nasoma ualimu. Kitu kimoja tunachosisitiziwa ni kwamba kabla hujamwadhibu mtoto kwa kuvunja kanuni, jiulize kwanza kama kuna mtu aliwahi kumfundisha hiyo kanuni. Kanuni za ukumbi wa sinema ni mtaala fiche: hakuna kipindi chake, hakuna kitabu chake, ila ukikosea unachekwa. Kwa hiyo kabla hatujahukumiana, tuangalie ukimya umetoka wapi, kelele zetu zimetoka wapi, na kelele zinamfanya nini mtu aliyekaa pembeni yako.

Ukimya nao una tarehe ya kuzaliwa

Wengi tunadhani ukimya ulizaliwa siku moja na sinema. Si kweli. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionesha picha zao jijini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Picha zile hazikuwa na sauti, na kwa miaka kama thelathini iliyofuata filamu nyingi zilibaki hivyo. Lakini kumbi zenyewe hazikuwa kimya. Palikuwa na piano, na kwenye kumbi kubwa bendi nzima. Kule Japani kulikuwa na watu walioitwa benshi: anasimama pembeni ya skrini, anasimulia kinachoendelea, anaigiza sauti za wahusika wote, mzee kwa kijana, mwanamke kwa mwanaume. Wapo waliokuwa maarufu kiasi kwamba watu walichagua ukumbi kwa kumfuata benshi, siyo kwa kufuata filamu.

Mambo yalibadilika mwaka 1927 ilipotoka The Jazz Singer, na baada ya hapo filamu za kuongea zikashika soko. Sasa mwigizaji akawa na maneno yake, na ukipiga domo unayakosa. Ukimya ukawa hitaji la kazi, kama vile huwezi kusikiliza redio huku unasaga mahindi.

Hata tamthilia za Ulaya, ambazo leo watu wanazitazama kama wako kanisani, kwa karne nyingi zilioneshwa taa zikiwaka kwa watazamaji. Watu walisalimiana, walitazamana mavazi, walipiga soga. Mwaka 1876 Richard Wagner alipofungua jumba lake la opera huko Bayreuth, Ujerumani, taa za upande wa watazamaji zilipunguzwa sana ili macho yote yaende jukwaani, na kumbi nyingine zikafuata mtindo huo taratibu. Marekani nako, mpaka miaka ya 1950 lilikuwa jambo la kawaida mtu kuingia katikati ya filamu, akaiangalia mpaka mwisho, kisha akasubiri ianze upya aone kile alichokikosa. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960, ilibidi kampeni nzima ifanyike kuwaambia watu kwamba filamu ikishaanza, hakuna kuingia.

Kwa hiyo anayesema kunyamaza ndiyo ustaarabu na kuongea ni ushamba anasahau kwamba hata hao waliotuletea sinema walijifunza kunyamaza, tena juzijuzi tu.

Kwetu msikilizaji mzuri anajibu

Sasa turudi nyumbani. Mtambaji wa hadithi akisema "Paukwa!" watoto wakakaa kimya, atajua wamelala. Anasubiri "Pakawa!" ndiyo aendelee. Kwenye taarabu mtu anainuka kwenye kiti, anacheza mpaka mbele, anamtunza mwimbaji, na hakuna anayemwambia kaa chini. Hata kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa lililonyamaza kabisa halimfurahishi mwalimu. Linamtisha. Maana yake hawajaelewa, au wamechoka, au wote wawili.

Malezi hayo watu waliingia nayo sinema. Kwenye majumba ya zamani, kama Empire, Avalon na Odeon hapa Dar es Salaam, au Majestic na Cine Afrique kule Unguja, filamu za Kihindi zilipendwa sana, na wengi wa waliokuwa wanaangalia hawakujua Kihindi. Aliyeshaiona mara mbili anamweleza ambaye hajaiona. Nyimbo zinajulikana, watu wanaimba. Kuongea ilikuwa njia ya kuifikisha filamu kwa kila mtu.

Majumba mengi yalipofungwa, kazi hiyo ilihamia kwenye mabanda ya video, haya tunayoyaita vibandaumiza. Benchi la mbao, joto, steringi akitoka mafichoni banda zima linapiga kelele. Na humo akazaliwa mtu wetu wa kusimulia. Hapa Tanzania jina lililotamba ni Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili ilipanda juu ya filamu za Hong Kong na Hollywood mpaka zikawa kama zetu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita VJ, na huko utani umefika mbali zaidi: filamu ya Wakaliwood, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, imesambaa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, anatania, anashangilia, anamsifia mwigizaji. Yaani ni kazi ya benshi, imezaliwa upya Afrika Mashariki bila kumuiga Mjapani yeyote.

Ukilijua hilo, yule jamaa wa nyuma anayesema "kimbia, yuko nyuma yako!" humuoni tena kama mtu asiyelelewa. Amelelewa, tena vizuri. Ila amelelewa kwa ukumbi mwingine.

Kichwa kinafanya nini gizani

Je, ina maana watu waongee tu? Hapana, na hapa wa mbele nao wana hoja yao.

Sikio halina mlango. Feni ikivuma ukumbini, baada ya dakika chache kichwa kinaizoea. Maneno ni tofauti, kwa sababu kichwa kinayatafutia maana hata kama hutaki. Watu wawili wakiongea nyuma yako, sehemu ya akili yako inawafuata wao na mwigizaji anakuponyoka. Mbaya zaidi ni mtu anayeongea na simu. Wanasaikolojia wameonesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu kichwa kinahangaika kubahatisha ule upande usiosikika.

Kisha kuna suala la lugha, na hili nawaomba tulizingatie. Wengi wetu tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja rasmi sekondari. Muvi nyingi tunazoonesha ni za Kiingereza. Mtu anayesikiliza lugha yake akikosa neno moja kwa kelele, analijaza mwenyewe kutoka kichwani. Anayesikiliza lugha ya pili hawezi kulijaza kirahisi hivyo. Kwa hiyo kelele hazituumizi sawasawa. Anayeumia zaidi ni yule yule ambaye Kiingereza kinampa shida, na ndiye huyo huyo anayehitaji mtu wa kumnong'oneza "amesema nini?" Ukiruhusu kelele umemuumiza. Ukilazimisha ukimya bila msaada umemuumiza pia.

Mwanga nao ni kelele ya macho. Jicho huchukua hadi nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Ukifungua simu kusoma ujumbe wa sekunde tano, waliokaa nyuma yako macho yao yote yanavutwa pale, na jicho linaanza kuzoea giza upya.

Kelele siyo moja

Nikiweka hayo pamoja, naona kelele za aina tatu. Ya kwanza inaelekea kwenye skrini: kicheko, mshtuko, makofi, "steringi hafi!" Hii inawaunganisha watu, na tukio likipita nayo inapita. Ya pili inaipa skrini mgongo: simu, umbea wa hosteli, mkoba wenye zipu ya kelele, na yule anayetangaza mwisho kabla haujafika. Hii haina utetezi kwenye ukumbi wowote, wa Paris wala wa Manzese.

Ya tatu inasahaulika. Mwanamke anapigwa kwenye muvi, mtu huko nyuma anatoa kichekesho, kundi linacheka. Kwa juu inafanana na ile ya kwanza, maana inaelekea kwenye skrini. Lakini gizani hujui umekaa na nani, na kuna mtu safu ya tatu ambaye yale hakuyaona kwenye filamu tu. Hapo kunyamaza siyo kanuni ya Wazungu. Ni utu wa kawaida.

Tufanyeje

Ukienda sinema ya kulipia mjini, fuata ya pale. Wale wanakuuzia ukimya pamoja na kiti, na kuna mtu ametoa hela ya bumu iliyokuwa ya kula siku mbili ili asikie kila neno. Ugenini kuna ya ugenini: Kenya, kabla filamu haijaanza, unapigwa wimbo wa taifa, na ukumbi mzima unasimama na bisi zake mkononi.

Lakini usiku wa muvi wa hapa chuoni ni wetu, kanuni tunaweza kuzitunga wenyewe. Napendekeza hivi.

Tangazo liseme mapema ni usiku wa aina gani. Muvi ya ngumi au ya vichekesho iwe "usiku wa kibanda", watu washangilie, na mwenye kipaji apewe kipaza sauti asimulie kwa Kiswahili. Filamu ya kufikirisha iwe "usiku wa kusikiliza". Kila mtu aje anajua anachokijia.

Maandishi ya chini ya picha yawashwe kila mara, hata kama muvi ni ya Kiingereza. Hayamzibi mtu anayesikia vizuri, na yanapunguza nusu ya minong'ono. Na kabla ya kuanza, mtu mmoja achukue dakika tano kueleza kwa Kiswahili: hii ni nchi gani, mwaka gani, nani ni nani.

Wanaotafsiriana wapewe safu ya pembeni kabisa, bila kunyanyapaliwa. Anayetafsiri anafanya kazi, siyo fujo.

Simu izimwe mwanga na sauti. Ikibidi upokee, toka nje.

Na tujifunze kusemeshana. "Shiii!" kutoka safu sita mbele ni kelele kubwa kuliko ile inayokemewa. Inama, sema taratibu: "Samahani ndugu yangu, sisikii vizuri." Wengi watanyamaza hapo hapo, kwa sababu umewaomba, hukuwadharau. Neno "mshamba" tuliache kabisa. Halijawahi kumnyamazisha mtu. Linamfukuza tu, na kiti kikishabaki kitupu hakuna aliyejifunza adabu yoyote.